Tao Lenye Ncha: Je, Makanisa Makuu ya Uingereza Yamejengwa kwa Elimu Yetu?



Himdi zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, huenda umewahi kutumiwa kwenye simu picha mbili zilizobandikwa pamoja. Moja ni ya msikiti wa kale, nyingine ni ya kanisa kuu la Ulaya, na chini yake pameandikwa kwamba Wazungu waliiba ujenzi huo kutoka kwa Waislamu. Wapo wanaoipokea kwa takbira na kuisambaza hapo hapo. Wapo pia wanaoicheka na kusema Waislamu hudai kila kitu ni chao. Pande zote mbili zimefanya haraka.

Leo naomba tulichukue jambo hili tulipime kwa utulivu. Tutazungumzia makanisa ya Uingereza ya karne ya 12 na 13, yaliyojengwa kwa mtindo unaoitwa Gothiki. Najua yupo atakayeuliza, "Sheikh, makanisa yanatuhusu nini?" Ndugu yangu, kujua jengo limejengwaje si kuabudu ndani yake. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratul Hajj, imezitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti. Zaidi ya hapo, ukishataja jina la Waislamu katika dai, dai hilo limekuwa letu kulibeba. Likiwa la kweli tulibebe kwa ushahidi. Likiwa na uongo ndani yake, sisi ndio wa kwanza kuutoa.

TUTALIPIMA VIPI?

Umma huu umepewa neema ya elimu ya isnadi. Mwanachuoni wa hadithi hatosheki na maneno mazuri. Anauliza: nani kakwambia? Naye kaambiwa na nani? Je, wawili hawa walikutana? Mnyororo ukikatika mahali, hukumu inabadilika, hata kama maneno yenyewe yanapendeza masikioni. Basi tufanye hivyo hivyo kwa tao la mawe. Tuanze lilipoonekana, tulifuate kituo kwa kituo mpaka Uingereza, na kila kituo tuulize: kiungo hiki kina nguvu au ni dhaifu?

KWANZA, TAO LENYEWE

Chukua tao la duara, yaani nusu ya duara. Upana wake ukiwa mita 6, kimo chake lazima kiwe mita 3. Huna hiari. Sasa chukua chumba cha mstatili, mita 6 kwa mita 4, utake kukifunika juu kwa dari ya mawe. Tao la upande mrefu litapanda mita 3, la upande mfupi mita 2, na la kukatisha pembe kwa pembe litapita mita 3 na nusu. Vimo vitatu tofauti katika chumba kimoja! Fundi atahangaika kuvisawazisha.

Tao lenye ncha ni vipande viwili vya duara vinavyokutana juu kama viganja viwili vilivyogusana kwenye vidole. Hapa fundi ana hiari. Upana ni ule ule, lakini anaweza kulipandisha au kulishusha kwa kubadilisha mahali anapoweka mguu wa bikari. Matao ya pande zote yanaweza kufika kimo kimoja. Faida ya pili ni kwamba tao likiwa refu la ncha, msukumo wake wa kwenda pembeni hupungua, na uzito mwingi zaidi hushuka moja kwa moja kwenye nguzo.

Aliyefika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, amepita chini ya milango yenye matao ya namna hii, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwa hiyo umbo tunalolizungumzia si geni kwetu watu wa pwani. Limefika kwetu kwa njia ya ulimwengu wa Kiislamu.

KIUNGO CHA KWANZA: NCHI ZA KIISLAMU

Hapa ushahidi ni wa mawe yaliyosimama. Mjini Ramla, Palestina, lipo birika la chini ya ardhi lililojengwa mwaka 172 Hijria, sawa na 789 Miladia, zama za Khalifa Harun al-Rashid. Dari yake imebebwa na safu za matao yenye ncha. Kipimo cha maji ya Mto Nile katika kisiwa cha Rawda, Kairo, cha mwaka 861, kina matao hayo. Kisha nenda kwenye msikiti wa Ahmad ibn Tulun, hapo hapo Kairo, uliokamilika mwaka 265 Hijria, sawa na 879. Ni msikiti mzima, safu baada ya safu, matao ya ncha juu ya nguzo nene za matofali.

Je, Waislamu ndio waliolivumbua? Hapa insafu inaanza kututaka kitu. Huko Syria, jengo la Qasr Ibn Wardan la karne ya 6, kabla ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.), lina matao yaliyochongoka kidogo. Basi tusiseme Waislamu ni wa kwanza duniani kulichora. Tuseme ukweli ulio imara: walilikuta likiwa jambo la hapa na pale, wakalifanya kuwa mtindo wa kawaida wa majengo makubwa, zaidi ya miaka 200 kabla ya Ulaya Magharibi kulitumia hivyo. Kiungo hiki ni sahihi.

KIUNGO CHA PILI: KUVUKA BAHARI

Wengi husema tao hili lilibebwa na wapiganaji wa Msalaba. Hebu tazama tarehe. Wapiganaji wa Msalaba waliuteka mji wa Quds mwaka 1099. Lakini kanisa la watawa wa Cluny, Ufaransa, lilianza kujengwa mwaka 1088, nalo lilitumia matao yenye ncha. Na kabla yake, kanisa la Monte Cassino nchini Italia lilizinduliwa mwaka 1071, na wanahistoria wa ujenzi hulitaja kuwa kituo muhimu cha tao hili. Basi mnyororo wa vita vya Msalaba, peke yake, umekatika kwa hesabu ya miaka tu.

Njia yenye nguvu zaidi ni ya biashara na ujirani. Wafanyabiashara wa Amalfi, mji wa bandari kusini mwa Italia, walikuwa wakienda na kurudi Misri. Kisiwa cha Sicily kilikuwa chini ya Waislamu mpaka Wanormani walipokiteka, kuanzia 1061 hadi 1091. Baada ya ushindi, wafalme hao wa Kinormani waliwatumia mafundi wa Kiislamu, na ukiingia katika kanisa la kasri lao pale Palermo, la miaka ya 1140, utakuta matao ya ncha na dari ya mbao iliyochongwa kwa kazi ya Kiislamu kabisa. Na Wanormani hawa ni ndugu wa wale walioiteka Uingereza mwaka 1066. Watu wa kabila moja, mkono mmoja uko Sicily na mwingine uko Uingereza.

Je, tunalo jina la fundi aliyelibeba tao kutoka Kairo mpaka Cluny? Hapana. Basi kiungo hiki si cha nguvu kama kile cha kwanza. Mahali pa kukutana papo, wakati unalingana, mfano wa mawe upo. Tuseme ni hasan: kinakubalika, lakini hakiapiwi.

KIUNGO CHA TATU: DURHAM NA UFARANSA

Sasa tufike kaskazini mwa Uingereza, Durham. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa mwaka 1093 na dari yake ikakamilika mwaka 1133. Kuta zake ni nene, nguzo zake ni kama vigogo vya mibuyu. Lakini juu, waashi walifanya jambo kubwa: walijenga kwanza mbavu za mawe zinazokatisha pembe kwa pembe, kisha wakaziba nafasi zilizobaki kati ya mbavu. Na juu ya ukumbi mrefu, matao yanayovuka kutoka ukuta hadi ukuta wakayafanya ya ncha. Wakati huo huo, huku kwetu, Waislamu wa Kizimkazi, Unguja, walikuwa wakiandika kwa Kikufi katika msikiti wao mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Wapo wanaosema mbavu hizi zimetoka kwenye makuba ya Msikiti Mkuu wa Cordoba, yaliyojengwa zama za al-Hakam wa Pili katika karne ya 10. Ni kazi ya kushangaza kweli, lakini itazame vizuri. Mbavu za Cordoba hazikutani katikati. Zinapishana pembeni na kuacha nafasi ya nyota kati yake, na juu yake limekaa kuba dogo. Za Durham zinakatana katikati kabisa ya dari. Ni hesabu nyingine. Kufanana kwa mbali si isnadi. Kiungo hiki ni dhaifu, tusikitegemee.

Kisha wakaja mafundi wa Ufaransa. Katika kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, Abate Suger alijengesha sehemu ya mashariki iliyozinduliwa mwaka 1144. Pale vitu vikakutanishwa: tao la ncha, mbavu za mawe, nguzo nyembamba, na madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Uzito ukiteremshwa kwenye nguzo na kuegemezwa kutoka nje, ukuta wa katikati hauna tena kazi ya kubeba, basi unaweza kuufungua na kuingiza nuru. Mkusanyiko huu hakuufanya fundi wa Kairo, wala wa Cordoba. Ni kazi ya waashi wa kaskazini mwa Ufaransa, na haki yao ni yao. Hata watu wa zama hizo waliuita ujenzi wa Kifaransa. Hilo jina la Gothiki lilikuja baadaye sana, Waitaliano wa karne ya 15 na 16 wakilitumia kama tusi, wakiunasibisha mtindo huo na makabila ya Wagothi waliouvunja ufalme wa Roma. Wagothi wenyewe hawakujenga hata kanisa moja kati ya haya.

KIUNGO CHA NNE: CANTERBURY, NA HAPA MPOKEZI TUNAMJUA KWA JINA

Ndugu msomaji, tulia hapa, maana huu ndio moyo wa kisa chetu.

Tarehe 5 Septemba 1174, vibanda vitatu vilishika moto nje ya lango la kanisa kuu la Canterbury. Upepo ukachukua cheche, zikapenya kwenye maungio ya paa la risasi, ile madini laini, zikakaa juu ya mbao. Juu palifunikwa na risasi, chini palifunikwa na dari ya mbao iliyopakwa rangi. Moto ukala ndani kwa ndani na hakuna aliyeuona, mpaka risasi ilipoanza kuyeyuka. Sehemu ya kwaya, mahali watawa wanaposalia, ikateketea.

Tumeyajua haya kwa sababu mtawa mmoja, jina lake Gervase, alikuwepo, aliona kwa macho yake, na aliandika.

Anaeleza kwamba waliitwa mafundi kutoka Ufaransa na Uingereza, wakatofautiana. Mmoja aliyechaguliwa ni William wa Sens, kutoka mji wa Sens, Ufaransa, ambako kulikuwa na moja ya makanisa makuu ya mwanzo kabisa ya mtindo huu mpya. Kwa siku nyingi alizikagua kuta zilizoungua, juu na chini, ndani na nje, na kwa muda hakuwaambia watawa kwamba lazima nyingi zivunjwe, akihofia huzuni ingewaua. Alipoona nyoyo zimetulia, akawaambia ukweli.

Akaagiza mawe kutoka ng'ambo ya bahari, akatengeneza mitambo ya kupakia na kupakulia meli, akawapa wachongaji vielelezo vya kufuata. Mwaka 1178 alikuwa juu akiandaa dari kubwa ya mawe, mbao za jukwaa zikavunjika chini ya miguu yake. Akaanguka kimo cha futi 50 pamoja na mawe na mbao. Hakufa. Akawa anaongoza kazi akiwa kitandani, kwa kumtumia mtawa mmoja kijana awasimamie waashi. Mwishowe akaona tiba haisaidii, akarudi kwao Ufaransa.

Aliyeshika nafasi yake naye aliitwa William, lakini huyu Mwingereza. Gervase anamsifu kuwa mdogo wa mwili, hodari wa kazi nyingi. Watawa wakaingia kwenye kwaya mpya wakati wa Pasaka ya 1180, na kazi ikaendelea mpaka 1184.

Kisha Gervase akafanya jambo ambalo wanafunzi wa elimu wanapaswa kuliiga. Akalinganisha jengo la kale na jipya, kitu kwa kitu. Nguzo mpya ni ndefu zaidi. Zamani vichwa vya nguzo vilikuwa wazi, sasa vimenakshiwa. Zamani walichonga kwa shoka, sasa kwa patasi. Zamani dari ilikuwa ya mbao, sasa ni ya mawe. Hakusema tu kwamba jipya ni zuri, alionyesha tofauti iko wapi.

Ukifika mashariki mwa kanisa hilo utaona nguzo zilizosimama mbili mbili, pacha, kama zilivyo Sens. Hapa isnadi imetimia: mtoaji ana jina, mpokezi ana jina, shahidi aliona na aliandika. Kiungo hiki ni sahihi kabisa, nacho kinatoka Sens kwenda Canterbury.

WAINGEREZA WAKAFANYA LA KWAO

Baada ya hapo Waingereza hawakubaki kunakili. Pale Wells, kuanzia miaka ya 1170 na ushei, walijenga kanisa kuu ambalo matao yake ni ya ncha mwanzo hadi mwisho. Pale Lincoln, tetemeko la mwaka 1185 lilibomoa kanisa, na Askofu Hugh akaanza kulijenga upya mwaka 1192. Pale Salisbury, msingi uliwekwa mwaka 1220 katika kiwanja kipya bondeni, baada ya kuhama kilimani kwenye upepo mkali na shida ya maji, na mwaka 1258 jengo likazinduliwa. Miaka 38 tu! Mnara wake wenye ncha, unaofika mita 123, uliongezwa karne iliyofuata, na mpaka leo nguzo zilizo chini yake zinaonekana zimepinda kwa uzito.

Tofauti na Wafaransa walioshindana kwenda juu, Waingereza walipenda jengo refu la kwenda mbele, kuta zenye unene, madirisha membamba yenye ncha kama kichwa cha mkuki, na vijiti vya mawe meusi ya Purbeck vinavyong'arishwa kama marumaru na kuzungushwa kwenye nguzo. Huo ni ubunifu wao. Usiwanyang'anye.

VIPI KUHUSU MANENO YA WREN?

Wanaosambaza zile picha humtaja Christopher Wren, mjenzi wa kanisa la St Paul's la London baada ya moto mkubwa wa 1666. Ni kweli, Wren aliandika kwamba mtindo huu ungestahili zaidi kuitwa wa Wasaraseni, jina ambalo Wazungu waliwaita Waislamu. Ameshuhudia, na ushahidi wake una thamani. Lakini yeye aliishi miaka 500 baada ya tukio, na aliwategemea wapiganaji wa Msalaba kuwa ndio wabebaji, njia ambayo tumeona tarehe zake hazikubali peke yake. Hata mpokezi mwaminifu hukosea. Ukubwa wa jina hauzibi pengo la mnyororo.

HUKUMU YETU

Basi tuseme hivi, na tusizidishe. Tao lenye ncha lilipata ukubwa wake katika nchi za Kiislamu, na kuna sababu nzuri ya kuamini kuwa liliingia Ulaya kwa kupitia Italia na Sicily. Mbavu za mawe na mkusanyiko mzima uliozaa Gothiki ni kazi ya Wanormani na Wafaransa. Sura ya Kiingereza ni kazi ya Waingereza. Anayesema hatuna mchango amekosea. Anayesema kila jiwe ni letu naye amekosea. Na neno "waliiba" liondolewe kabisa. Elimu ya tao haikuwa imefungwa kwa kufuli, na aliyejifunza haitwi mwizi. Sisi wenyewe tulijifunza hesabu za India na falaki ya Wayunani, tukaongeza juu yake. Je, nasi tuliiba?

MAFUNZO MATATU

La kwanza ni uadilifu. Mola wetu ametuamrisha tusiache haki hata kwa watu tusiopendana nao. Haki hiyo haiishii kwenye mirathi na mizani ya dukani. Kumpa fundi sifa ya kazi yake, hata kama alijenga kanisa, ni sehemu yake. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha mtu kusimulia kila anachokisikia. Kidole kinachobonyeza kusambaza kinasimulia.

La pili ni kwa wazazi na walimu. Kijana mkimwambia uongo kwa ajili ya kuipamba dini, siku atakapougundua hatautupa uongo ule peke yake. Ataanza kushuku na yale ya kweli mliyomfundisha. Uislamu haupungukiwi kitu mpaka tuukopee utukufu wa kubuni.

La tatu ni kuandika. Fundi wa Canterbury tunamjua, alivyokagua, alivyonyamaza, alivyoanguka, kwa sababu mtu mmoja alishika kalamu. Sasa tazama msikiti wa mtaa wenu. Nani aliweka msingi? Fundi alikuwa nani, mawe au matofali yalitoka wapi, nani alitoa kiwanja wakfu, na mwaka gani? Wazee wanaojua wanaondoka mmoja mmoja. Kizimkazi walituachia tarehe, na ni neema kubwa, lakini hakuna aliyetuachia habari za yule mwashi alivyochagua jiwe. Baada ya sala ya Ijumaa, kaa na mzee mmoja, muulize, andika jina na mwaka. Usingoje mtu wa mbali aje akuandikie, kisha ulalamike kuwa ameandika vibaya.

Namuomba Allah atujaalie ndimi za kweli, atupe insafu kwa rafiki na kwa asiyekuwa rafiki, na awarehemu wote waliotutangulia katika kujenga na kulinda misikiti yetu. Amin.

Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzako, lakini lisome lote kwanza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.